Nyumba Iliyoinjikwa Juu ya Mafiga

Mjomba alinipigia simu Jumamosi asubuhi nikiwa nachambua mchele. Alisema ukuta wa nyuma wa nyumba ya Bibi umepasuka tena, na safari hii ufa unapitisha ngumi. Vijana wa kubomoa wapo, fundi wa kujenga upya yupo, ila yeye hawezi kugusa hata tofali mpaka mwenyewe aje aseme. Nikamuuliza mwenyewe ni nani. Akacheka kicheko chake kile cha kukohoa, akasema, "Muulize mama yako," akakata simu.

Mama siku hizi anaishi nami hapa mjini, Kilakala. Nilimkuta barazani anaota jua, miguu ameinyoosha. Nilipomweleza hakunitazama hata usoni. "Magoti yangu haya hayapandi tena Matombo," alisema. "Nenda wewe. Nyumba ni yako sasa."

Labda wewe, rafiki yangu, unatoka kwa watu ambao nyumba humfuata baba. Kwetu Uluguru ardhi inapita upande wa mama. Mjomba anasimamia, anasema mbele za watu, anagomba inapobidi kugomba, na mjomba wangu anapenda kugomba. Lakini kiwanja na shamba vinatoka kwa bibi, vinapita kwa mama, vinamfikia binti. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, ila sikuwahi kufikiri kwamba siku moja litanipigia simu.

Basi nikaenda. Kabla sijamwona mtu yeyote, harufu ndiyo iliyonipokea: magome ya mdalasini yaliyoanikwa juani, moshi wa kuni mbichi, na ule ubaridi wa udongo ulio chini ya migomba. Nilisimama njiani na mkoba wangu begani, na kwa kitambo nikawa tena mtoto wa shule ya msingi mwenye magoti ya vumbi.

Wakati ule nilikuwa naishi na Bibi. Mama alikuwa na kazi mjini, akaona afadhali nikulie mlimani kwenye maji safi na macho ya mama yake. Nyumba yetu ilikuwa ya fito na udongo, imelalia upande wa bondeni kiasi kwamba mgeni akiingia mara ya kwanza alikuwa anashika ukuta. Mvua ikinyesha tulihama na mkeka wetu kutoka kona hii kwenda ile, Bibi anaimba, mimi nimevaa sufuria kichwani. Usidhani nilikuwa naona dhiki. Niliona ni mchezo, na nilikuwa naungoja.

Kazi zangu zilikuwa kuteka maji kabla ya shule, kufagia uwanja, kugeuza mdalasini juani ili usiote ukungu, na jioni kumenya magimbi ya moto huku napuliza vidole. Tulikaa kuzunguka jiko. Jiko lenyewe lilikuwa mafiga matatu katikati ya nyumba, na hayakuwa mawe ya kuokota. Bibi alipewa na mama yake alipoanza kupika kwake, na mama yake naye alipewa na mama yake. Moja lilikuwa kubwa kuliko mengine, bapa upande mmoja, na Bibi alikuwa analiita Mkubwa. Alikuwa analisemesha. "Leo umenuna, Mkubwa," alisema moto ukigoma kushika. Nami sikushangaa hata kidogo, nikidhani kila bibi duniani anaongea na mafiga yake.

Wageni walikuja kiangazi kimoja, kwa njia ya kanisani. Walikuwa kikundi cha vijana wa kanisa kutoka Ulaya, na kwetu wakati huo nchi yoyote ambayo watu wake wanaungua na jua ilikuwa Ulaya. Walikuwa wamejitolea kuja kumjengea nyumba mtu mmoja. Padre aliulizwa ni nyumba ya nani kijijini itakayoanguka kwanza mvua za vuli zikianza, na padre, Mungu amjalie heri, hakuangalia mtu anasali wapi. Akamtaja Bibi, Mwislamu wa swala tano. Walikuwepo waliosema lazima atabatizwa kwanza ndipo apewe bati. Bibi aliwajibu kwamba mvua inayomvujia haijawahi kumuuliza dini yake, hivyo hategemei bati limuulize.

Mwalimu wetu wa shule ndiye aliyekuwa mkalimani wao. Wakiwa wanapanda mlima aliwafundisha kusema "shikamoo", bahati mbaya akasahau kuwaambia ni ya nani. Wakaigawa kwa kila kiumbe kilichosimama njiani. Sisi watoto tulipogundua, tulikuwa tunakata njia za mkato kwenye migomba ili tuwatokee mbele tena na tena. "Shikamoo!" wanasema, wamejawa na furaha, jasho linawatiririka. "Marahaba, wajukuu zangu," tunajibu kwa sauti nzito. Starehe hiyo iliisha siku mwalimu alipotukuta, na sitaki kukueleza alikuwa na nini mkononi.

Kiongozi wao alikuwa msichana mwembamba, mrefu kama mnazi, tukampa jina la Dada Mrefu. Pua yake ilikuwa inabambuka ngozi kila siku na kila siku inaota mpya. Alikuwa anabeba matofali mengi kuliko wavulana na kucheka kuliko wote. Nilimpenda siku ya kwanza.

Sasa, mahali tambarare mlimani kwetu hapapatikani hovyo. Nyumba mpya ilibidi ikae palepale ilipokaa ya zamani, hivyo ile ya zamani ilibidi ishuke kwanza. Mimi na Bibi tukahamia kwa jirani wa chini, mjane mwenye maneno mengi ambaye Bibi alikuwa hawezi kukubaliana naye hata juu ya hali ya hewa, na hawezi kumaliza siku bila kumwona. Tulihama na kinu, ungo, vyungu, na kuku mmoja aliyetuonyesha wazi kwamba hajapendezwa. Moto tuliuhamisha kwenye kigae. Mafiga tukayaacha.

Hapo ndipo ilipoanzia shida yote, kwa hiyo acha nikueleze vizuri. Kwa Bibi na mama zake, mafiga hayahami pamoja na vyombo. Yanabaki kwenye majivu yake, yanasubiri. Siku ya kuingia nyumba mpya, mwenye jiko anayaingiza kwa mikono yake mwenyewe, moto unafuata, na hapo ndipo nyumba inakuwa nyumba yake. Kabla ya hapo ni kuta tu. Basi fito zilipoondolewa na udongo ukasombwa, katikati ya uwanja mtupu yalibaki mawe matatu yametulia. Kila mtu wa kwetu aliyapita kwa pembeni bila kufikiri. Hakuna aliyewaambia wageni, kwa sababu hakuna aliyedhani ni jambo la kuambiwa.

Siku ya kujenga msingi Bibi alipanda shambani kuwakatia wageni mkungu wa ndizi kwa chakula cha mchana. Alikuwa ameapa kwamba watu wanaomjengea hawatakula kwa mtu mwingine. Fundi aliyekuwa anawaongoza wageni kwenye ujenzi alikuwa ameshuka barabarani kupokea saruji, mimi nilikuwa shuleni. Wale vijana wakajipanga mstari kutoka mtoni mpaka kiwanjani, wanapokezana mawe mkono kwa mkono huku wanaimba. Kona ya nyuma ikawapungukia mawe. Wakatazama huku na huku, wakaona matatu mazuri, makavu, yamelala bure katikati ya uwanja. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mwalimu alituambia baadaye kwamba lile kubwa waliliweka kwa uangalifu, ubapa wake ukitazama nje, kwa kuwa waliliona limependeza.

Niliporudi nilimkuta Bibi amesimama pembeni ya msingi na mkungu wa ndizi bado kichwani. Hakuutua. Alikuwa anatazama katikati ya kiwanja, mahali palipokuwa pamefagiliwa safi. Fundi, aliyekuwa amerudi na saruji, alifuata macho yake, akaweka kiganja mdomoni.

"Hakuna neno," alisema Bibi. Akashuka kwa jirani kupika zile ndizi. Alizipika na nazi na pilipili manga, wageni wakala mpaka wakalamba vidole.

Nataka uelewe ile "hakuna neno" ilikuwa nini. Haikuwa msamaha, wala haikuwa hasira. Ulikuwa mlango uliofungwa polepole ili usimwamshe mtu. Kila siku aliwapikia, aliwasalimu, aliwacheka pua zao zilizoungua. Kuta zikapanda, timazi ikaning'inia, madirisha yakapata fremu. Walipomshika mkono kumwonyesha chumba chake, alikuwa anasimama nje ya kizingiti, anatazama juu, anatazama chini, kisha anasema, "Nyumba nzuri sana. Mwenyewe akija atafurahi."

Mwalimu alikuwa anatafsiri hivyohivyo, na wageni wanacheka, wakidhani bibi ana utani. Kisha siku moja Dada Mrefu hakucheka. Alimgeukia mwalimu akamuuliza kama mwenyewe si huyuhuyu. Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji miwani, ndipo akawaeleza.

Walilia, wale watoto wa watu. Nasema watoto kwa sababu sasa naona walikuwa watoto. Walitaka kuvunja msingi, fundi akawaambia ukigusa kona ile ukuta wote unakuja, na saruji iliyopandishwa mlimani kwa vichwa vya akina mama imekwisha. Walileta mawe mengine kutoka mtoni, mazuri, ya mviringo. Walitaka kumnunulia jiko la mafuta ya taa. Kila kimoja Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema hakuna neno, na hakupanda kuhamia.

Mjomba alikuja amechafukwa. "Mama, watu wametoka Ulaya kukujengea nyumba!"

"Na mimi nimetoka wapi?" Bibi alimuuliza.

Mjomba akageuka akashuka, anagombana na migomba njia nzima.

Mimi niliogopa. Mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya mlima, kwa jirani tulikuwa tunalala chumba kimoja watu watatu na kuku, na nilimsikia mjomba akisema kwamba Bibi asipoingia mle itabidi mimi nipelekwe mjini kwa mama. Sikutaka mji. Nilitaka ile nyumba, nilikuwa nimeshachagua dirisha. Niliwakasirikia wageni, nikamkasirikia Bibi, na wote niliwapenda, na mtoto mwenye mambo hayo matatu kifuani hana pa kuyaweka. Nilikuwa nakwenda kuyalilia mtoni nikiwa nateka maji.

Bati lilipopanda, ikabaki wiki ya mwisho. Wageni wangeondoka Jumapili baada ya misa. Asubuhi moja Dada Mrefu alishuka kwa jirani peke yake, bila mwalimu na bila kitu mkononi. Siku zote alikuwa anakuja na kitu. Alikaa chini kwenye moto, karibu na Bibi, akachukua gimbi lililotoka chunguni akaanza kulimenya. Lilimuunguza. Akalirusha mkono huu na ule, akapuliza, akamenya, likamuunguza tena. Bibi alimtazama kwa muda. Halafu akacheka, kicheko chake cha kweli ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya ule mkungu.

"Huyu atakufa na njaa," alimwambia jirani.

"Mfundishe, basi," alisema jirani. "Si unajifanya unajua kila kitu."

Bibi akamwonyesha jinsi ya kushika gimbi kwa ganda lake lenyewe. Wakala wote wawili. Walipomaliza, Bibi akajifuta mikono, akamshika yule msichana kifundo cha mkono, akaanza kupanda. Nami nyuma yao.

Hakwenda mlangoni. Alizunguka nyuma, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu msingi ujengwe, akatembea ameinama, anatazama mawe moja moja. Kwenye kona alisimama. Mkubwa alikuwa pale, amebanwa na saruji kila upande, uso wake bapa unatutazama, mweusi kwa masizi kama siku zote. Bibi aliweka kiganja juu yake. Alipokiondoa kilikuwa cheusi.

"Kumbe upo," alisema. "Na wadogo zako wako humo ndani."

Wageni walikuwa wameshaacha kazi, wamesogea. Fundi alikuwepo, mwalimu alikuja mbio, mjomba amesimama mikono nyuma. Bibi akarudi hatua chache, akaitazama nyumba kuanzia kona ile, kuta zake, madirisha yake, bati lake linalowaka jua. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Mmeinjika nyumba nzima juu ya mafiga yangu!" alisema, na alikuwa anacheka hadi machozi. "Mimi tangu nizaliwe sijaona chungu kikubwa namna hii!"

Mwalimu alipotafsiri, wageni hawakujua kama wanaruhusiwa kucheka. Dada Mrefu alicheka na kulia kwa pamoja, pua yake nyekundu inachuruzika. Bibi alimpa ncha ya kanga yake ajifute. Kisha akaonyesha ardhi mbele ya ile kona, akasema jiko litakaa hapa, nje, limeegemea ukuta huu, ili Mkubwa awe anapata joto.

Siku zilizobaki zilikuwa za kupaka rangi. Makopo ya rangi ya samawati yalikuwa tayari, na upande wa mbele ulikuwa umeshapakwa. Wakaacha palepale. Akina mama wa kijiji walikuja na fito na udongo, wakawafundisha wageni kukandika kibanda cha jiko, na jirani yetu akajiteua msimamizi. "Wewe! Unakandika ukuta au unampaka mtoto mafuta?" alikuwa anamfokea kijana mmoja mnene ambaye hakuelewa neno hata moja, na alikuwa anaitikia, "Shikamoo!" Mimi na Dada Mrefu tulitumwa mtoni kutafuta mawe matatu mapya. Bibi alikataa mengi kabla ya kukubali.

Jumamosi jioni Bibi aliyapanga yale mawe kwa mikono yake, akalisogeza moja mpaka likagusana na Mkubwa. Moto ulipanda kutoka kwa jirani ndani ya kigae. Shehe alisoma dua, padre akasali, na kila mmoja alionekana kuona mwenzake amechukua muda mrefu. Bibi akapuliza, kuni zikashika. Ndipo akazunguka mbele, akavua ndala, akaingia mlangoni. Sote tulibaki nje, tunatazama mlango. Dirisha likafunguka, lile nililolichagua mimi, na kichwa chake kikatokeza.

"Mwenyewe nimekuja!" alipiga kelele.

Furaha ile sijawahi kuipata tena, nakwambia kweli. Nimeolewa, nimezaa, na bado sijaipata ikiwa nzima namna ile.

Wageni waliondoka kesho yake, na sijui wako wapi. Dada Mrefu sasa lazima ni mama mzima, labda ana wajukuu wa kumwamkia shikamoo. Nyumba ilibaki samawati mbele na matofali matupu nyuma, Bibi hakutaka iguswe. Alipika pale mpaka mikono yake ilipokataa kuinua chungu. Baada yake hakuna aliyepika. Kibanda kilirudi udongoni, jirani naye akamfuata rafiki yake, na pale palipokuwa kwake sasa ni midalasini mitupu. Mke wa mjomba anapikia mkaa, mimi mjini nazungusha kitufe tu, moto unakuja bila kutoka kwa mtu yeyote. Sijui ni lini mara ya mwisho mtu wa mlimani kwetu alibeba moto kwenye kigae kumpelekea mwenzake. Lazima ilikuwepo siku hiyo, na ikapita bila yeyote kuitambua.

Niliposema wabomoe, vijana walianza na ukuta wa nyuma. Mchana walifika kwenye msingi. Mkubwa alitoka mzima, wadogo zake wakatoka na saruji imewaganda. Niliwajua wote. Nilipitisha kidole gumba juu ya ule uso bapa, nikakitazama, na kilikuwa cheusi. Nilikaa chini pale kwenye kifusi, mwanamke mzima na viatu vyangu vya mjini, nikalia.

Nilifikiri kuyachukua. Nikayaona yamekaa kwenye vigae vya jikoni kwangu, binti yangu anazuilia nayo mlango.

"Haya tuyatupe bondeni, dada?" fundi aliniuliza. Kijana mdogo, mwenye heshima. "Mawe ya jikoni yameshaungua."

Mjomba alikuwa ameegemea fimbo yake, ananitazama. 

"Yarudishe," nikamwambia. "Kona hiyohiyo. Hili kubwa, weusi wake utazame nje. Na hapa mbele uniachie nafasi ya jiko la kuni."

"La kuni? Siku hizi?" Alimgeukia mjomba kama wanaume wanavyowageukia wanaume wenzao. "Mzee, mwenyewe ndivyo anavyotaka?"

Mjomba alininyooshea kidevu. "Muulize. Si huyo hapo?"

"Mwenyewe nimekuja," nilisema. Kisha nikavua viatu, nikashuka mtoni kutafuta mawe matatu.